Mkuu na Mkaguzi Waenda Dukani Kuomba Radhi

Mtaani kwetu kuna nyumba moja ambayo ukipita mbele yake inabidi uchunge mdomo. Si kwa sababu ya mbwa. Mbwa wa pale alishazeeka, akitaka kubweka anakaa chini kwanza. Ni kwa sababu ya wenye nyumba. Mume alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, mke alikuwa mkaguzi wa shule, na wote wawili wamestaafu bila kustaafu. Tunawaita Mkuu na Mkaguzi, nao wanaitika, maana hata wao sidhani kama wanakumbuka waliwahi kuitwa nani.

Wastaafu wengine hufuga kuku. Hawa wanafuga maneno ya watu.

Msinielewe vibaya, sisemi methali. Methali hawazitaki hata kuziona. Mkuu anasema methali ni wastaafu wenzake, zimeshafanya kazi zao, ziachwe zipumzike. Wanachowinda wao ni usemi uliozaliwa asubuhi hiyo hiyo, bado una joto: kinyozi akimwambia mteja kwamba nywele zake zimeanza kuhama bila kutoa taarifa, au mama wa genge akikuonya usizibonyeze nyanya zake, leo zimeamka na hasira. Wakisikia kitu kama hicho wanasimama pale pale, hata kama pale pale ni katikati ya barabara na nyuma yao lori linapiga honi.

Wana sheria zao pia. Anayesikia kwanza anainua kidole, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali, na usemi unakuwa mali yake. Mwenzake ndiye anayetoa alama, juu ya kumi. Mkaguzi ana mkono mgumu. Hajawahi kumpa mtu kumi, hata Mkuu mwenyewe. Inasemekana siku Mkuu alipomtamkia kwamba anataka kumuoa, alijipinda, akachagua maneno, akatoa jasho, akapata sita. Hawaandiki popote, wanasema kichwa kisichoweza kubeba maneno ya kutwa nzima kinafaa kubebea ndoo tu. Jioni wakila, kila mmoja anamwaga mezani alichovuna, wanacheka mpaka mmoja anapaliwa na mwenzake anampiga mgongoni huku bado anacheka.

Ukiwatazama kwa mbali utasema hayo ndiyo mapenzi. Na kweli ni mapenzi, sibishi. Shida ni kwamba mtu aliyetega sikio kusikia jambo linasemwaje, hana sikio lililobaki la kusikia jambo lenyewe.

Fundi bomba alikuja siku moja, akainama chini ya sinki, akatoka anatikisa kichwa. Akawaambia, "Wazee wangu, hili bomba linaishi kwa maombi." Kidole cha Mkuu kikapaa. Mkaguzi akatoa nane. Wakamshukuru fundi kwa moyo wote, wakamsindikiza mpaka getini, wakarudi ndani wanajipongeza. Aliyekumbuka kwamba bomba lenyewe halijatengenezwa ni bomba lenyewe. Lilipopasuka, viatu vya Mkuu vilitoka sebuleni vinaelea, kimoja mbele, kingine nyuma, kama wanafunzi wanaokwenda paredi.

Au siku Mkaguzi alipopimwa presha, na daktari akamwambia presha yake imepanda ngazi na ngazi imeondolewa. Alitoka pale mbio kumtafuta mumewe kwenye benchi la nje ili aje asikie, daktari arudie. Daktari akarudia. Wakaenda nyumbani wamefurahi, dawa zikabaki kwenye dirisha la dawa la hospitali.

Aliyerudi kuzichukua dawa ni binti yao wa mwisho. Dada huyu ni mfamasia, mtu mpole, anaongea kidogo, na ukikulia nyumba ile utaelewa kwa nini anaongea kidogo. Alipokuwa mdogo aliwaambia wazazi wake kwamba tumboni mwake kuna watu wanahamisha makabati. Walifurahi mno. Wakamwita jirani aje asikie. Wakampigia simu shangazi mtu. Makabati yalipofikishwa hospitali yakakutwa ni kidole tumbo, na daktari wa upasuaji aliwasema wazazi wale kwa lugha ambayo, kwa mara ya kwanza, hawakuipa alama.

Sasa dada amepata mchumba. Umri umesogea kidogo, watu wa mtaa walishaanza kumuuliza maswali ya pembeni, na yeye mwenyewe alishaacha kuyajibu. Mchumba ni fundi mafriji. Kijana mtulivu, mikono mikubwa, anampenda yule dada waziwazi mpaka inakera. Akija kumchukua kazini anasimama ng'ambo ya barabara, ananyoosha shati, anajikohoza, ndipo anavuka. Hana mama, hana baba. Amelelewa na shangazi yake, na bila neno la shangazi hawezi kuoa hata picha.

Shangazi huyo sote tunamjua. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale kwenye njia panda, duka refu kama treni, na tunamwita Mama Saruji. Hakwenda mbali shuleni na hapendi kukumbushwa. Ameweka kalamu tatu kwenye mfuko wa kifua, anaandikia moja, mbili ni za wageni kuziona. Ana mume pia, mzee mmoja mpole ambaye kazi yake inayojulikana ni kumbebea mkoba.

Basi ikapangwa siku ya Mama Saruji kuja kuonana na wazazi wa binti. Asubuhi ya siku hiyo dada aliwakalisha wazazi wake kwenye kochi, wawili, wamebanana, akasimama mbele yao kama wao walivyokuwa wakisimama mbele ya watu.

"Leo hamuwindi," akawaambia.

Mkuu akasema hawawindi. Mkaguzi akasema wao ni watu wazima, watakuwa kama ukuta. Dada akasema ukuta ndio anaoutaka.

Wageni wakaja. Mama Saruji mbele, mume wake nyuma na mkoba, kijana wa watu katikati, ameloa jasho kama friji iliyozimwa. Salamu zikapita salama. Chai ikamiminwa. Mama Saruji alianza kwa maneno ya kupimapima, yale ya mtu aliyejiandaa nyumbani, na ukuta ukasimama imara. Mkuu alitazama dari. Mkaguzi alihesabu maua ya kitambaa cha meza.

Halafu yule mama akajisahau. Chai ilimlegeza, au aliona nyumba ya watu wanaosikiliza, maana hakuna watu duniani wanaosikiliza kwa macho kama hao wawili. Akaacha maneno ya kujiandaa, akaanza kuongea ya kweli.

"Huyu mtoto mnayemuona hivi," akasema, "alikuja kwangu mwembamba, ukimkoholea anahama kiti."

Kidole cha Mkuu kikatikisika kwenye goti. Binti yake akamkata jicho. Kidole kikalala.

"Mama yake alikuwa ameshatutoka. Na baba yake, kaka yangu wa damu, alitoka jioni moja akasema anakwenda kununua kiberiti." Mama Saruji akaweka kikombe chini. "Mpaka leo anachagua."

Pakawa kimya. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee wa mkoba alikuwa ameukumbatia mkoba. Na katikati ya kimya kile, ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angekijaza kwa pole, kidole cha Mkuu kikanyanyuka polepole mpaka juu ya bega, kama kimevutwa na kamba.

"Tisa," akanong'ona Mkaguzi. Mkono mgumu wote ule, tisa.

Mkuu naye, badala ya kufa palepale kwa aibu, akamgeukia mke wake na kumwambia kwamba tisa ni nyingi, ile ya kiti ilikuwa bora zaidi, ilikuwa na picha. Mkaguzi akamuuliza picha gani, ya kiberiti ndiyo ina picha, mtu unamuona kabisa amesimama dukani anatikisa viboksi. Wakabishana kwa sauti ya chini, kama watu walioko kanisani wanaogombania kiti. Kisha Mkuu akamgeukia mgeni, kwa heshima zote, uso unang'aa.

"Mama, samahani, hebu irudie ile ya kiberiti. Taratibu."

Mama Saruji aliwatazama mmoja mmoja. Akamtazama na mpwa wake, ambaye hakuinua macho. Akasimama, na mume wake akasimama na mkoba kabla hajaambiwa.

"Nilikuja kumuombea mtoto wangu mke," akasema. "Sikuja kufanya mtihani."

Wakaondoka. Chai ikabaki inatoa moshi peke yake.

Jioni kijana alimpigia dada simu. Hakuwa na mengi. Alisema anampenda na hilo halijabadilika, lakini yule mama ndiye aliyemuogesha, ndiye aliyempeleka shule, na amesema nyumba inayocheka kilio chake haikanyagi tena. Alisema hawezi kumruka. Dada akamwambia anaelewa. Kweli alielewa, na ndilo lililokuwa baya zaidi.

Alipokata simu, wazazi wake walikuwa mlangoni. Walianza kueleza. Mkuu akasema hawakucheka hata kidogo, walistaajabu, na kustaajabu na kucheka ni vitu viwili. Mkaguzi akaongeza kwamba tisa ni heshima kubwa. Binti yao aliwaacha wamalize. Alizoea kuwaacha wamalize.

"Yule mama alikuwa anawaambia aliachiwa mtoto na kaka yake," akasema. "Ninyi mlisikia nini?"

Na kwa vile walijua kabisa walichosikia, kila mmoja alitazama upande wake.

"Nendeni mkamuombe radhi. Msipokwenda sitawagombeza. Nitaendelea kuwaletea dawa zenu, nitaendelea kuwapikia, na nitakuwa naishi hapa hapa na ninyi mpaka mzeeke na mimi nizeeke. Basi."

Watu wanadhani kitisho ni lazima kiwe na kelele. Kile kiliwafukuzia wazee wale usingizi.

Kesho yake wakaanza maandalizi, na maandalizi yao yalikuwa ya kitaalamu, yaani ya kusikitisha. Mkuu alitunga hotuba ya kuomba radhi. Ilianza na "Kwa niaba yangu na kwa niaba ya familia." Mkaguzi akaikagua, akasema utangulizi ni mrefu na majuto yamechelewa kuingia. Mkuu akapunguza utangulizi, akaongeza majuto. Mkaguzi akasema sasa majuto yamezidi, yanaonekana ya kununua. Walibishana mpaka saa ya chakula, na mara mbili, nasikia, Mkuu alijisemea maneno yake mwenyewe halafu akajiinulia kidole. Mwishowe hotuba ikapita. Akaikariri, akavaa suti ya siku aliyoagwa shuleni, wakaenda kwa miguu mpaka njia panda.

Mama Saruji aliwaona tangu wakiwa ng'ambo, akajifanya hajawaona. Akawaacha wasimame. Akapima misumari ya mteja mmoja, akamkatia mwingine waya, akabishana na wa tatu kuhusu rangi, rangi ambayo alikubali mwenyewe kwamba imechacha. Ndipo akawaonyesha kwa kidevu mifuko ya saruji iliyopangwa pembeni, wakae. Wakakaa. Suti ya Mkuu ikageuka kijivu kuanzia kiunoni kushuka. Wabeba mizigo watano wa pale dukani waliacha kubeba mizigo.

Mkuu akasimama, akajikohoza, akaanza, "Kwa niaba yangu..."

"Kaa," akasema Mama Saruji. "Leo naongea mimi."

Hapo ndipo mateso yalipoanza, na nataka uyaelewe. Yule mama akikasirika ana ulimi ambao haujapata kutokea mtaani kwetu. Hakutukana hata mara moja. Alisimama nyuma ya mizani, mkono kiunoni, akayafungulia kama maji. Nasi tungeyakosa yote kama si wale wabeba mizigo, ambao waliyashika neno kwa neno na mpaka leo wanasalimiana nayo. Aliwaambia wamesoma mpaka masikio yameziba. Aliwaambia alifungua kifua chake mbele yao, nao wakakipiga mhuri kama daftari la mtoto. Aliwaambia, "Mtu akizama, ninyi mtasimama ukingoni mkisifu anavyopiga kelele." Mkuu alipojaribu kufungua mdomo aliambiwa atulie, shingo yenyewe ndefu kama bomba la moshi la kiwanda kilichofungwa. Mbeba mizigo mmoja alilazimika kwenda nyuma ya mabati kucheka.

Na wawili wale, ambao wangevuka mto kwa ajili ya robo ya maneno yale, walikaa hawatikisiki. Hapo mwanzo Mkuu alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mke wake alikuwa amemkanyaga mguu kwa kisigino, na yeye mwenyewe amefumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Mbeba mizigo mkubwa wao aliweka dau na mwenzake kwamba mzee hafiki mwisho, kidole kitatoka.

Mama Saruji aliendelea. Lakini sauti ilikuwa imeanza kushuka. Akasema wamemkumbusha kitu. Mtoto yule, alipoletwa kwake, kila jioni alikuwa anachukua kiti kidogo anakwenda kukaa mlangoni. Ukimwambia ingia ndani anasema bado. Alikaa hivyo mpaka siku moja akaacha mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akarudisha kiti jikoni, na yeye Mama Saruji alipokiona kile kiti jikoni alikwenda chooni akalia, kwa sababu alijua mtoto ameelewa.

Hayo aliyasema hivyo hivyo, hayakuwa na urembo wowote. Wabeba mizigo wenyewe waliyakumbuka vibaya vibaya, mmoja anasema kiti kilikuwa cha mbao, mwingine anasema hakusema cha nini.

Mkono wa Mkuu ukatoka. Mbeba mizigo mkubwa akamgonga mwenzake na kiwiko, dau limeiva. Lakini mkono haukwenda juu. Ulikwenda usoni, ukashika macho, ukakaa hapo na vumbi lake la saruji. Mkaguzi alifumbua macho, akaona, akaondoa kisigino.

"Haya," Mama Saruji akasema. "Ulikuwa na hotuba."

Mkuu akasimama tena. Alitafuta ile hotuba, na wote waliona anaitafuta. Aliyeongea ni mke wake, akiwa amekaa vilevile.

"Tulikukosea, mama. Ulikuwa unatuambia jambo zito, sisi tukalichezea. Na siyo wewe tu. Mtoto wetu tumemfanyia hivyo tangu mdogo."

"Tunaomba asiumie yeye kwa ajili yetu," Mkuu akasema.

Basi. Ndiyo hotuba iliyotoka. Enzi Mkaguzi alipokuwa akikagua shule ingepata nne, na maoni kwa wino mwekundu.

Mteja mmoja aliingia akaulizia bawaba za mlango. Akahudumiwa, akapunguziwa bei bila kuomba, jambo ambalo wabeba mizigo wanasema halijawahi kutokea. Mama Saruji alirudi akapangusa mizani iliyokuwa safi.

"Wikiendi nitakuja," akasema. "Nitakuja na mume wangu. Chai nitakunywa. Na nikiona mtu ananihesabia maneno, naondoka, na kikombe chenu naondoka nacho."

Walirudi kwa miguu. Waliowaona wanasema walipita kwa kinyozi, kinyozi akasema kitu kwa mteja na kibanda kizima kikacheka, wao hawakugeuka. Walipofika karibu na kona ya nyumbani Mkuu alipunguza mwendo. Akamuuliza mke wake kama amelishika lile la mwanzo, lile la masikio.

"Lilisema nini?"

"Kwamba tumesoma halafu hatusikii."

"Hilo nimelisikia," akasema Mkaguzi. "Alilisemaje?"

Mkuu alifikiri. Akajaribu upande huu, akajaribu upande ule. Lile la kuzama? Alikumbuka kwamba mtu anazama. Lile la shingo? Alikumbuka kwamba aliambiwa anyamaze. Walisimama pale kwenye kona, watu wawili wanaoweza kukutajia alichosema kondakta mmoja kabla dada hajazaliwa, wakikung'uta vumbi la saruji na kutafuta. Hawakupata hata kimoja. Kiti cha mtoto tu ndicho walichokipata, na hicho hakuna aliyetaka kukigusa.

Dada alikuwa amesimama getini, bado na koti jeupe la kazini. Alishawaona tangu kona, na alikuwa ameshaanza kutafsiri vibaya kule kusimama kwao. Mbwa alikaa chini akabweka mara moja.

"Amesemaje?" akauliza.

Wazazi wakatazamana.

"Atakuja wikiendi," akasema baba yake.

"Hivyo tu? Amesema hivyo tu?"

"Alisema mengi. Yule mtoto aliachwa, mama. Alikuwa anakaa mlangoni anamsubiri baba yake." Mkuu akamshika binti yake mkono, mkono wa kijivu juu ya koti jeupe. "Ulikuwa unajua?"

"Najua, baba," dada akasema. "Alinisimulia."

Akawafungulia geti, wakaingia ndani, na mama yake akamuuliza alisimuliwaje. Dada aliwatazama mikono kwanza. Halafu akaona hakuna kidole, akavuta kiti, akaanza kuwaambia.